Mnazi mmoja Pangani, mafundi watatu: viota vinajengwa kwa malighafi gani?

Fundi Makuti (Pangani):

Wakuu, habari za jioni.

Kazi yangu ni kuezeka. Nyumba za makuti, mabanda ya ufukweni, majiko ya shamba. Muda mwingi niko juu ya mnazi nakata makuti au juu ya paa nafunga fito, na huko juu nina majirani ambao nyinyi wa chini hamuwaoni vizuri. Watu wakizungumzia viota husifia kipaji tu: hakusoma, hakufundishwa, tazama alivyojenga! Sawa, lakini fundi akienda kutazama kazi ya mwenzake haanzi na umbo. Anauliza kwanza: umejengea nini, umekitoa wapi, kilikuwa kibichi au kikavu, na umekifunga kwa kitu gani. Akishapata majibu hayo, umbo la nyumba linajieleza lenyewe. Nataka tujadili viota kwa njia hiyo, na naanza na mnazi mmoja tu, uko njia ya Ushongo, ambao kichwani umebeba mafundi wa aina tatu kwa wakati mmoja.

Wa kwanza ni minana, hawa wa manjano ambao wengine mnawaita kwera. Dume ndiye fundi. Anatua kwenye kuti bichi, anauma ukingo wa jani, anashika pale alipouma, kisha anaruka. Ule mruko ndio unaochana. Anaondoka na mchano mwembamba, mrefu kuliko yeye mwenyewe. Jani lazima liwe bichi. Mama zetu wanaosuka mikeka huuloweka ukindu ili ukubali kupindwa bila kukatika. Mnana hana ndoo, basi hulitumia jani likiwa bado na maji yake. Anaukanyaga mchano kwa mguu, anauzungusha kwenye ncha ya kuti kwa mdomo, anauchomeka chini ya mzunguko wa kwanza, anavuta. Hayo ni mafundo kweli, si kubabaisha.

Kitu cha kwanza anachokamilisha ni pete, duara la wima linaloning'inia. Kuanzia hapo anasimama ndani ya pete na kujenga kwenda mbele mpaka pale mdomo unapoishia kufika. Hicho ndicho chumba cha mayai. Kisha, bila kugeuka, anajipinda kurudi nyuma na kujenga ukumbi wa mlango, mlango wenyewe ukitazama chini. Vipimo vyote vinatoka mwilini mwake, ndiyo maana nyumba humkaa sawasawa.

Halafu majike wanakuja kukagua. Dume ananing'inia chini ya mlango anapiga mbawa na makelele. Jike anaingia, anavutavuta kuta kwa mdomo. Akiridhika analeta mwenyewe majani laini na manyoya ya kutandika. Asiporidhika, kiota kinakauka, kinageuka rangi ya kahawia, na majike hawana hamu na nyumba ya kahawia. Dume anakifumua mwenyewe na kuanza upya pale pale. Na lile la "hakufundishwa" lina mipaka yake: Nicholas na Elsie Collias, mtu na mkewe kutoka Marekani waliowachunguza minana kwa miaka mingi, walilea makinda bila kuwapa majani ya kuchezea. Walipokua na kupewa majani, kazi yao ilikuwa ovyo mpaka walipojizoeza.

Wa pili ni teleka wa minazi, yule mwembamba mwenye mkia wa panda anayepita kasi akidaka wadudu hewani. Miguu yake ni mifupi mno, hatembei, hatui chini kuokota chochote. Kwa hiyo malighafi yake lazima iwe kitu kinachopeperuka: unyoya ulioanguka kutoka kwa ndege mwingine, sufi ya mmea iliyochukuliwa na upepo. Anadaka hewani na kwenda kubandika upande wa chini wa kuti lililoinama, kwa mate yake. Mate ndiyo gundi. Kinachopatikana si kikapu, ni kibandiko kidogo cha manyoya kilichosimama wima, na mayai, kwa kawaida mawili, nayo yamegandishwa hapo hapo kwa mate. Mzazi anayaatamia akiwa amejishikilia wima kwa kucha. Upepo wa kusi unalitikisa kuti huku na huku na yai halidondoki. Makinda wakitoka wanaendelea kujishikilia vivyo hivyo mpaka waote mbawa.

Wa tatu ni majimoto, chungu wa mitini. Mnawajua, mmeshaumwa. Hawa hawabebi malighafi kupeleka mahali, wanaivuta malighafi ikiwa bado mtini. Chungu mmoja anashika ukingo wa jani moja, jani la pili likiwa mbali mwenzake anamshika kiunoni, na mwingine anamshika huyo, mnyororo unarefuka mpaka majani mawili yanakutana. Sasa kushona. Chungu mkubwa hana uzi. Mwenye uzi ni mtoto, buu. Basi chungu wengine wanakwenda kwenye kiota cha zamani, wanachukua mabuu, wanawashika taratibu kwa meno na kuwapeleka jani hili, jani lile, jani hili, huku buu akitoa hariri. Hariri ile buu angejitengenezea gamba la kujifunika akikua. Majimoto hawapati hilo gamba. Yote imekwenda kwenye nyumba.

Mnazi ni mmoja. Mmoja kachana jani akalisuka, wa pili hakuligusa jani ila kaligeuza ukuta wa kubandikia, wa tatu kalikunja likiwa hai. Haya, leteni vyenu. Tanga nzima, na Bagamoyo mkiwemo.

Ngamiani Kwetu:

Picha mkuu, picha! Unaandika yote haya bila picha?

Fundi Makuti (Pangani):

Simu yangu haivuti mbali na mkono mmoja umeshika mnazi. Utaniwia radhi.

Mwenye Shamba Kigombe:

Mtoa mada wewe unawasifia minana kwa sababu minazi si yako. Mimi wamenimalizia. Kuna minazi mitatu karibu na kisima, makuti yamebaki njukuti tupu, jani hamna. Mnazi usio na jani unazaa nini? Nimeshawaambia vijana wachukue mti mrefu wavikongoe viota vyote.

Fundi Makuti (Pangani):

Kaka, malalamiko yako ni ya haki. Kundi kubwa likikaa mti mmoja linauvua nguo. Na kuna sababu ya pili ya kuchana zaidi ya kupata nyuzi: tawi likibaki tupu, nyoka wa mitini hana pa kujificha akija kuiba mayai.

Ila hebu tazama hesabu ya malighafi. Kiota kikishaisha na jike akaingia, dume pale hachani tena. Ukikiangusha, kesho yake anaanza pete upya, na kiota kizima kinatoka upya kwenye makuti yako. Kila unapoangusha unaagiza makuti mengine. Kama unataka kuwapunguzia, wape jani jingine. Minana wanachana pia mabingobingo na matete, na hupenda sana kujenga juu ya maji. Kisima chako hicho ukikizungushia mabingobingo, ng'ombe watakula na minana watachana.

Mwenye Shamba Kigombe:

Mabingobingo ninayo upande wa pili wa shamba. Nitayasogeza nione. Ila vijana nimewazuia kwa muda tu, nisikupe tumaini kubwa.

Chungwa la Muheza:

Umetaja majimoto umenigusa. Msimu wa kuchuma machungwa vijana wanajipaka majivu mikononi na bado wanashuka wakipiga mayowe. Wenzangu wengi wanachoma viota vyao kwa mwenge. Mimi nimeacha. Mti wenye majimoto hauna wadudu waharibifu wengi, hilo tunaliona kwa macho.

Nimepata kusoma kwamba China wakulima wa machungwa walikuwa wakinunua viota vya jamaa zao hawa hawa sokoni na kuvitundika mashambani, na habari hiyo iliandikwa mwaka 304. Karne kumi na saba zilizopita watu wananunua chungu, na sisi tunawachoma bure.

Fundi Makuti (Pangani):

Na kwenye minazi ni hivyo hivyo. Kuna mdudu anayefyonza nazi zikiwa changa, zinaanguka kabla ya kukomaa. Utafiti uliofanyika Zanzibar miaka ya 1950 ulionyesha kwamba mnazi wenye majimoto wengi unapona na mdudu huyo. Kwenye mikorosho wanamwandama yule tunayemwita mbu wa mikorosho. Mwenye Kigombe, hilo lingekuhusu kuliko minana.

Ushauri wa kifundi kwa wenye mashamba: majimoto wanataka njia ya majani kwa majani. Ukiacha matawi ya mti mmoja yagusane na wa pili, au ukafunga kamba kati ya miti, wanavuka wenyewe na kujenga huko. Ukitenganisha kila mti, unawafungia.

Msambaa wa Amani:

Nyinyi wa pwani mnajisifu kwa minazi, njooni huku milimani Usambara Mashariki muone mjenzi anayemfungia mkewe ndani.

Hondohondo wetu, yule mkubwa mweusi mwenye pembe juu ya mdomo, hajengi kwa matawi. Anatafuta tundu kubwa kwenye mti mrefu wa msituni. Jike anaingia. Dume anakwenda kula udongo. Namaanisha kula: anaumeza, unachanganyika na mate kooni, unatoka vidonge vidonge, anampa jike kupitia mlangoni. Jike ndiye mwashi, anaupaka kwa ubavu wa mdomo, kutoka ndani, mpaka mlango unabaki ufa mwembamba unaopitisha ncha ya mdomo tu. Anakaa humo zaidi ya miezi mitatu. Dume anamlisha kwa ule ufa, matunda ya mivumo ya msituni na mikuyu, akiyatapika moja moja. Chini ya mti utakuta miche imeota kutokana na mbegu walizotupa, kwa hiyo ukitaka kujua kiota kipo tazama chini kwanza, usitazame juu.

Hawa waliandikwa vizuri na mtu wa hapa hapa. Miaka ya 1930 Reginald Moreau alikuwa anafanya kazi kituo cha utafiti cha Amani, kile ambacho Wajerumani walikianzisha 1902, na yeye na mkewe Winnie walivichunguza viota vya hondohondo na kuandika habari zake. Mmoja wa ndege adimu wa huku, shoro mdogo mwenye mdomo mrefu, kwa kitaalamu amepewa jina la Moreau. Yupo Amani na sehemu moja ya Msumbiji, basi.

Malighafi ya hondohondo ni udongo na mate, lakini ile ya kwanza kabisa ni mti mzee wenye tundu. Udongo upo kila mahali. Mti wa kutosha tundu la ndege mkubwa namna ile unachukua miaka mingi, na mtu na msumeno anaumaliza mchana mmoja. Mtu anaweza kupanda miche elfu moja na hondohondo asipate chumba hata kimoja.

Fundi Makuti (Pangani):

Hapo umepiga msumari. Wengine wanajenga na wengine wanapanga, na mpangaji ana shida kuliko mjenzi.

Ustadh Mdogo:

Assalaam alaykum. Nina swali la dhati, si la ubishi. Chuoni tumefundishwa kwamba nyumba dhaifu kuliko zote ni ya buibui. Nami nimemwona chozi hapa nyumbani, kwenye mlimau wa uwanjani, akikusanya tando za buibui kujengea. Ndege mwerevu vile anachagua kilicho dhaifu?

Fundi Makuti (Pangani):

Waalaykum salaam shehe. Nyumba ya buibui ni dhaifu kweli, mvua moja, ufagio mmoja, imekwisha. Lakini uzi wenyewe ukiuchukua peke yake una mambo matatu ambayo mimi ningelipia fedha kuyapata kwenye kamba: unanata, hauna uzito, na unavutika bila kukatika. Chozi anachukua tando nyingi, anazungushia na kukandamiza, na humo anachomeka majani makavu, magamba ya miti, maganda ya mbegu. Ndani anatandika sufi na manyoya. Kinakuwa kifuko kinachoning'inia, mlango ubavuni na juu yake kibaraza cha kuzuia mvua. Ukikitazama mbali unadhani ni takataka zilizonasa tawini, na hiyo ndiyo nia. Makinda wakinenepa, kifuko kinatanuka nao kwa sababu uzi unavutika. Kamba ya usumba isingekubali hivyo.

Na wapo ndege wadogo wa vichakani wenye mgongo wa kijivu wanaoshona kabisa. Wanachagua majani mapana yaliyo hai, wanatoboa kingo kwa mdomo, wanapitisha utando wa buibui kwenye tundu, na uzi ukitokeza upande wa pili unajivimbisha, haurudi. Ndani ya majani yale yaliyoshonwa ndiyo wanaweka kiota cha nyasi. Jani ni hai, linabaki kijani, nani atalishuku?

Ustadh Mdogo:

Nimeelewa. Mlimau hautakatwa mwezi huu basi, mama ataudhika lakini nitamweleza.

Bagamoyo Dunda:

Wa Tanga mmejaa mashairi. Huku Bagamoyo mjini fundi wetu ni kunguru, hawa weusi wenye shingo ya kijivu walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 kutoka India na sasa wameitawala pwani nzima. Kuna mkungu karibu na soko umepogolewa, viota vikaanguka. Ndani yake: waya. Nyaya za kufungia nondo, vipande vya waya wa umeme, mpaka tundiko la nguo. Vijiti vichache tu. Katikati kajaza nyuzi za viroba na kamba za nyavu.

Kwa nini chuma? Si kinawaka jua?

Fundi Makuti (Pangani):

Kwa sababu waya ndio kijiti cha mjini, dada. Kunguru anataka kitu kirefu, kigumu, kinachopindika kidogo na kushikana na kingine. Shambani hicho ni tawi kavu. Mjini uwanja umefagiwa, miti imepogolewa, lakini kila nyumba inayojengwa inaacha nyaya chini. Anachukua kilicho karibu. Na waya ukishapindwa haurudi, na hauozi.

Ulaya wamefika mbali zaidi. Kuna ile miiba ya chuma ambayo watu hubandika juu ya majengo ili ndege wasitue. Mwaka 2023 watafiti wa Uholanzi walieleza kwamba kunguru na jamaa zao wanaing'oa miiba ile na kujengea. Kiota kimoja kilichopatikana Antwerp, Ubelgiji, kilikuwa na miiba kama 1,500, na juu wameielekeza nje kuwazuia wezi wa mayai. Wamekitumia kifaa kwa kazi ile ile kilichotengenezewa.

Daktari wa Mifugo Handeni:

Niongeze hapo. Mji wa Mexico, shomoro na ndege wengine wadogo wanaweka vichungi vya sigara viotani. Watafiti walikuta viota vyenye vichungi vingi vina utitiri wachache, kwa sababu nikotini inaufukuza. Ila haikuishia hapo: sumu ile ile iliharibu chembe za damu za makinda. Kwa hiyo msiseme tu "ndege ni werevu wanatumia takataka zetu."

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni nailoni. Utando wa buibui kinda akinasa mguu anaukata. Mshipi wa kuvulia haukatiki. Nimeona kinda amekua na uzi umemzama mguuni mpaka mfupa. Wavuvi, na mafundi cherehani pia, vipande vya nyuzi msivitupe uwanjani.

Bagamoyo Dunda:

Sawa daktari. Nina la pili. Dimbwi la nyuma ya mashamba ya mpunga, mvua zikianza, naona mapovu meupe makubwa yamening'inia kwenye matawi juu ya maji, kama ngumi mbili hivi. Bibi anatukataza kuyagusa, anasema ni mate ya nyoka.

Daktari wa Mifugo Handeni:

Mwambie bibi shikamoo, na nyoka hahusiki. Ni chura. Yupo chura wa mitini, rangi ya kijivu, ambaye jike hutoa ute na kuupiga kwa miguu ya nyuma mpaka unakuwa povu, madume yakiwa yamembana mgongoni. Mayai yanakaa katikati. Povu la nje linakauka kuwa ganda, la ndani linabaki na unyevu. Baada ya siku chache viluwiluwi wanaanza kuchezacheza, sehemu ya chini inalainika, wanadondoka majini mmoja mmoja. Samaki wa dimbwi hawakuyapata mayai, jua halikuyakausha. Katika orodha nzima ya uzi huu huyu ndiye pekee aliyejenga kwa kitu ambacho sehemu kubwa yake ni hewa.

Ngamiani Kwetu:

Na aliye fundi mbovu kuliko wote ni nani? Mimi nampigia kura tetere. Vijiti kumi vimelazwa ovyo, ukisimama chini unaona mayai!

Fundi Makuti (Pangani):

Hahaha, tetere hana mpinzani. Lakini mwache, anajenga haraka, kikianguka anaanza kingine, gharama ni ndogo.

Kuna na wale ambao hawataki nyumba ya kudumu. Sokwe wa kule Gombe na Mahale, jioni anapanda mtini, anapinda matawi yaliyo hai yakutane chini yake, anatandika vijani, analala. Kesho jioni anatengeneza kingine. Unaona uvivu wa kutandika? Mwaka 2018 watafiti wa bonde la Issa, huko huko magharibi ya Tanzania, walipima vijidudu vya kwenye vitanda hivyo. Vilivyotoka kwenye mwili wa sokwe ni asilimia 3.5 tu. Kwenye vitanda vyetu sisi watu ni kama asilimia 35. Fikiria hilo kabla ya kulala leo.

Ngamiani Kwetu:

Naenda kufua shuka.

Mvuvi wa Ushongo:

Mmemsahau asiyebeba kitu chochote. Kasa. Anapanda ufukweni usiku, anachimba kwa makasia ya nyuma shimo lenye umbo la chupa, shingo nyembamba na tumbo pana, anataga mayai mia na zaidi, anafukia, anarudi baharini. Malighafi ni mchanga peke yake. Lakini mchanga ule unafanya kazi kubwa kuliko mnavyodhani: joto lake ndilo linaloamua watoto watakuwa majike au madume. Mchanga wa moto unatoa majike, wa baridi unatoa madume.

Kisiwa chetu cha Maziwe kilikuwa maarufu kwa kasa, kikafanywa hifadhi mwaka 1975. Kilikuwa na miti. Miti ikaondoka, mchanga ukakosa wa kuushika, sasa maji yakijaa kisiwa kinazama chote. Kasa bado wanakwenda kutaga. Kwa hiyo mayai yanahamishiwa huku bara, Ushongo, yanafukiwa upya kwa kina kile kile. Watu wanachimba shimo la kasa kwa mikono, kwa vipimo vya kasa. Wewe Fundi uje siku moja utusaidie, hiyo shingo ya chupa haitaki pupa, inabomoka.

Fundi Makuti (Pangani):

Nitakuja. Mchanga sijawahi kuufanyia kazi, mimi ni mtu wa majani.

Kijana wa Mto Wami:

Naombeni msaada. Shambani kwetu kuna mti wenye lundo la vijiti kwenye panda, kubwa kuliko tanuri la mkate. Mzee anasema ni la fundi-chuma, na kwamba likiguswa nyumba itapata msiba. Kwa nje naona matambara, ganda la mahindi na kipande cha ndala. Mti wenyewe tunataka kuukata tawi moja. Mlango hatuuoni. Kuna kitu ndani au la?

Fundi Makuti (Pangani):

Huyo ndiye bwana wa mabwana, nilikuwa namngoja mtu amtaje. Ndege mwenyewe wa kahawia, saizi ya kuku mdogo, kichwa chenye kishungi kwa nyuma. Yeye na mkewe wanaleta vijiti maelfu. Wanaanza na sakafu, wanapandisha kuta zikawa bakuli, kisha wanafunika paa, na paa ndilo zito kuliko vyote, mtu mzima anaweza kusimama juu yake na lisiporomoke. Upana unafika mita moja na nusu. Mlango ni njia nyembamba inayoanzia upande wa chini au ubavuni, imekandikwa tope ndani ili iwe laini, na chumba nacho kimesilibwa tope. Ndiyo maana huuoni: unatazama juu, nao uko chini. Matambara na ndala ni mapambo ya mwisho, wanayarundika juu.

Halafu wanajenga zaidi ya mahitaji yao, hata vitatu vinne kwa mwaka. Vinavyobaki havikai tupu. Bundi anaingia, au bundi mkubwa anaketi juu kabisa na kutagia hapo. Nyuki wanaingia. Kanu anaingia. Nyoka anaingia.

Sasa jibu lako. Usipeleke mkono. Kaeni mbali asubuhi mapema na tena jioni, mtazame upande wa chini. Wakipita wawili wa kahawia wakiwa na kitu mdomoni, wana makinda, subirini. Mkiona nyuki, mwiteni mrina asali. Msipoona chochote siku kadhaa, hamjathibitisha kwamba ni tupu, kwa sababu kanu hutoka usiku, na nyoka anaweza kutulia ndani bila kuonekana. Tawi mnalotaka kukata ndilo lililobeba panda, au la pembeni?

Kijana wa Mto Wami:

La pembeni. Linaelekea kwenye paa la jiko.

Fundi Makuti (Pangani):

Basi kateni hilo kwa msumeno wa mkono, taratibu, msitumie shoka. Shoka linatikisa mti mzima. Panda iacheni, na mzee muacheni na imani yake, maana hapo inawalinda na nyinyi pia.

Kijana wa Mto Wami:

Ahsante mkuu. Jumamosi tutakata. Nitaleta na picha, Ngamiani asilalamike.